Shingo ya Wenge

"Yaya Nsona, hebu niambie ukweli. Mzee bado anapiga besi, au siku hizi anaishika tu?"

Mama Ngalula, jirani aliyemwita Nsona yaya kama dada yake mkubwa, aliuliza hivyo bombani, ndoo yake imeshajaa na maji yanamwagikia miguuni, na wanawake waliokuwa kwenye foleni wakacheka huku wamefunika midomo. Hakuuliza kwa ubaya. Ngalula alikuwa mtu wa kusema kwanza na kufikiri akishafika nyumbani, na asubuhi hiyo hiyo ndiye aliyempelekea Nsona chumvi bila kuombwa. Nsona akamjibu kwa sauti ya kawaida, "Anapiga, mama. Njoo kanisani Jumapili usikie, mlangoni hawatozi kiingilio." Wanawake wakacheka zaidi, naye akajitwisha ndoo akaondoka.

Njiani hakucheka. Swali la Ngalula lilikuwa lake mwenyewe, alilolikataa kila Jumapili akiwa kwenye benchi la akina mama. Tangu kiharusi kimpate mumewe, Lubaki, ambaye wote walimwita Tata, yaani baba, mguu ulikuwa umerudi kwa kuchechemea na mdomo umenyooka, lakini mkono wa kushoto ulirudi nusu. Vidole viwili vya mwisho vilibaki vimejikunja kama vya mtu aliyeficha kitu kiganjani. Na kwenye besi mkono wa kushoto ndio unaozunguka shingo ya gitaa kutafuta sauti.

Nsona hakusoma zaidi ya shule ya msingi kwa masista, wala hakujua jina la noti hata moja, lakini maisha yake ya ndoa yote aliyaishi chumba kimoja na besi ile. Alijua mahali sauti ilipotakiwa kushuka. Aliisikia isishuke. Kisha alimsikia mpiga ngoma akiongeza kishindo na waimbaji wakipandisha sauti ili pengo lisionekane. Walifanya hivyo kwa mapenzi, na yeye aliwaombea baraka kwa ajili hiyo, lakini kila mara alijikuta ameibana Biblia kifuani kama mtu aliye kwenye gari linaloteremka mlima.

Kwa hiyo jioni ile Ndugu Luyindula, kiongozi wa kwaya, alipoingia uwanjani kwao na viatu vyake vya kung'aa akikwepa madimbwi, Nsona aliinuka upesi. Aliandaa kiti, akakipangusa kwa kanga, kisha akarudi kwenye majani yake ya muhogo ya kupika pondu aliyokuwa akiyachambua. Masikio aliyaacha kwa wanaume.

"Tata Lubaki," alianza Luyindula, "besi yetu imechoka. Shingo imepinda, nyuzi zinapiga kelele kwenye chuma. Kanisa limeamua tuchongeshe mpya kwa fundi Mayemba, iwe tayari Sikukuu ya Mavuno. Sasa sisi hatujui mbao. Utakayechagua ni wewe. Mbao, shingo, kila kitu."

"Mimi?" Lubaki aliuliza.

"Nani mwingine, Tata? Kinshasa nzima nani anaijua besi kukushinda wewe?"

"Usinitie kiburi, nitakufa nacho," Lubaki alisema, lakini uso wake ulikuwa umefunguka. Akageuka. "Nsona! Umesikia?"

"Nimesikia," alisema Nsona, na furaha ikamjia ghafla hadi majani yakamdondoka mikononi. Baadaye sana, alipoyarudia maneno ya Luyindula moja moja, aliona kwamba katika mazuri yote yale hakusema hata mara moja "besi yako".

 

Karakana ya Mayemba ilikuwa mtaa wa Lemba, pembeni mwa korongo lililokuwa likila ardhi kila msimu wa mvua. Mbao zilisimama zimeegemea ukuta: limba yenye weupe kama chikwanga, mkate wa muhogo, iliyomenywa, ngula nyekundu ambayo vumbi lake lilikuwa limepaka kila kitu hadi nywele za fundi, na wenge nyeusi yenye mistari myembamba. Nsona alipewa kreti akalikalia. Alimsindikiza mumewe kwa sababu ya mguu, si kwa sababu ya mbao.

Mayemba aligonga kila ubao kwa kifundo cha kidole, na Lubaki akasikiliza kichwa ameinamisha upande mmoja.

"Kiwiliwili usinifanyie cha mti wa kambala," alisema Lubaki. "Kambala naijua uzito wake. Nikimaliza nyimbo tatu bega langu litataka kuitwa marehemu."

"Basi limba. Nyepesi, halafu sauti yake ina joto. Lakini limba siiweki shingoni. Mvua moja tu, imeinama."

"Shingoni weka wenge."

"Na ngula je? Ninayo nzuri, imekauka miaka juu ya moshi wa jiko la mama yangu."

"Ngula inapiga kelele kama mchungaji kijana. Nataka sauti inayokaa chini ya watu, iwabebe bila wao kujua."

"Wenge ina vibanzi, mzee. Vinaingia kidoleni kama miiba ya samaki."

"Si utapiga msasa? Au pesa ya kanisa unachukua ya nini?"

Wakacheka wote wawili, kicheko cha wanaume waliojuana wakiwa bado na nywele. Nsona aliinamisha uso wake, maana machozi yalikuwa yanamlengalenga. Hakukumbuka mara ya mwisho kumsikia akicheka vile.

Kisha Mayemba akashusha kutoka darini fungu la vijiti. Kila kijiti kilikuwa na urefu wa mkono hadi kiwiko, upande mmoja bapa, upande wa pili kimechongwa kama mgongo wa shingo ya gitaa. Vingine vilikuwa na mgongo wa duara ulionona, vingine vimelala kama bakuli la kina kifupi, vingine vimechongoka katikati kama mgongo wa samaki. Hakuna fundi mwingine mjini aliyekuwa na desturi hiyo. Wengine walichonga shingo moja, mteja akaizoea au akaumia.

"Fumba macho," alisema Mayemba. "Nipe habari za binti yenu wa Luanda."

"Besi inahusiana nini na Luanda?"

"Wewe sema tu. Mtu akikaa anaifikiria shingo, anaishika kwa adabu. Nataka uishike ukiwa umeisahau."

Lubaki akafumba macho, akasimulia. Binti alikuwa na kazi ya saluni, alipiga simu sikukuu kwa sikukuu, mjukuu alikuwa anasema Kireno na hakuelewana na babu yake isipokuwa kwa kucheka. Wakati akisimulia, fundi alikuwa akimbadilishia vijiti mkononi na kumtazama kifundo cha mkono. Kwa vingine kifundo kilipinda, bega likapanda. Alipofika kwenye kimoja chembamba, Mayemba akachukua patasi, akakipunguza upande wa dole gumba, akamrudishia. Akapunguza tena. Bega likashuka. Vile vidole viwili vilivyojikunja vikajisogeza, polepole, vikalala juu ya mti.

"Hapo," alisema Lubaki, macho bado amefumba.

"Nenda nacho nyumbani. Kaa nacho, kula nacho, zungumza nacho. Usikioshe. Jasho litanionyesha wapi mkono unabonyeza, nami nitajua pa kuchonga."

 

Siku zile nyumba yao ilibadilika. Lubaki alizunguka na kijiti tangu asubuhi. Alikishika akinywa chai, alikishika akisikiliza redio, alikwenda nacho dukani kununua betri. Vijana wa mtaani wakamwita, "Mkuu! Umeajiriwa polisi?" naye akawaonyeshea kijiti na kujibu, "Polisi wa mbinguni! Nyinyi wote nina majina yenu!" Wakakimbia wakipiga kelele, watu wazima na ndevu zao.

Nsona alimsikia nyuma ya nyumba akiimba sauti za besi kwa mdomo, nduu-ndu, nduu, na kidole kikigonga mti. Mara moja alimkuta amelala mchana kwenye mkeka, kijiti kifuani, mkono wa kushoto umekizunguka kama mtoto aliyeshika kidole cha mama. Alisimama akamtazama. Kisha akaenda jikoni, akapiga magoti kati ya sufuria na mkaa, akamshukuru Mungu kwa ajili ya mumewe na kwa ajili ya Luyindula pia.

"Unaona hiki?" Lubaki alimwambia siku moja wakila, akinyoosha kidole cha tatu. Kilinyooka kidogo. "Daktari alisema hakitarudi."

"Daktari si Mungu."

"Tena daktari hajui besi." Akachota ugali wa fufu kwa mkono wa kulia, wa kushoto uko na kazi yake. "Nsona, nilidhani wamenichoka. Sikukuambia. Nilipokuwa nikikosea, niliwasikia wanavyopandisha sauti. Ulidhani sisikii?"

Nsona alisema, "Kula, kinapoa."

 

Kijiti kilipokuwa kimeiva kwa jasho, mvua kubwa ikanyesha, njia ya Lemba ikajaa matope, na Lubaki hakuthubutu kuteremka na mguu wake. Akakifunga kwenye gazeti, akampa mkewe. "Mwambie Mayemba akiangalie pale penye weusi. Pale ndipo dole gumba linapolala."

Mayemba alikipokea kwa mikono miwili. Akakifungua dirishani, akakigeuza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akakiweka juu ya meza ya kazi, kando ya kijiti kingine.

Hicho cha pili nacho kilikuwa kimeiva kwa jasho. Kilikuwa kinene, duara, na alama za vidole vilivyotapakaa mbali mbali, vidole virefu vya mkono mkubwa.

"Hicho cha nani?" Nsona aliuliza. Aliuliza tu, kama mtu anavyouliza bei ya kitu asichonunua.

Fundi aliinua kichwa. "Shemeji, si cha Glodi?"

"Glodi yupi?"

"Kijana wenu wa kwaya. Yule mwenye mikono kama makasia. Luyindula alimleta mwenyewe siku ya pili baada yenu." Kisha akaona uso wake. "Ah. Nilidhani wewe angalau unajua."

Nsona akakaa kwenye kreti lile lile. Hakuhitaji kuelezwa. Mwaka uliopita walimwita Mama Nzumba, mwimbaji mkongwe ambaye sauti yake ilikuwa imeanza kutetemeka, wakamwomba awachagulie kitambaa cha sare mpya ya kwaya. Mama wa watu alizunguka soko zima kwa furaha. Alichagua cha rangi ya samawati chenye maua meupe. Sare zilipotoka kwa mshonaji, ya kwake haikuwamo, na Jumapili ile alipelekwa kwenye kiti cha mbele chenye kitambaa kipya cheupe, akapigiwa makofi. Ndivyo walivyofanya kanisani kwao. Hakuna aliyemwambia mkubwa, "Umechoka, pumzika." Walimpa heshima moja kubwa, na heshima ikamwambia.

"Luyindula amesema nichonge kwa mkono wa kijana," alisema Mayemba taratibu. "Na amesema mzee asisikie kwangu. Mimi nikakubali, maana kazi ni kazi. Lakini tangu jana sijashika patasi. Hiki cha Lubaki..." Akakigusa. "Mkono huu umepigana kurudi, shemeji. Unaona hapa? Wiki ya kwanza hakugusa hapa kabisa."

"Huwezi kuchonga ya katikati?"

"Ya katikati itawaumiza wote wawili. Ya mzee ni nyembamba, imekatwa upande. Glodi ataishika kama fimbo ya mwavuli. Na ya Glodi, mkono wa mzee hautaizunguka hata kwa maombi." Akainama karibu, sauti ikashuka ingawa hapakuwa na mtu. "Sema neno moja, nichonge ya mzee. Luyindula nitamwambia ubao ulipasuka upande, ikabidi niufuate. Wenge hupasuka. Nani atajua?"

Nje mvua ilikuwa imepungua, matone yakidondoka kwenye mabati. Nsona alikitazama kile kijiti chembamba. Aliona mahali penye weusi, pale dole gumba lilipolala.

Aliwaza mengi, na yote kwa mara moja. Aliwaza wale akina mama wauza maandazi ambao sadaka zao ndizo zilizonunua ule ubao. Aliwaza Jumapili iliyopita, wimbo wa Meza ya Bwana, mumewe alipopotea kabisa katikati na kubaki anapigapiga uzi mmoja huku jasho likimtoka. Aliwaza kidole cha tatu kilichonyooka kidogo. Kidogo. Alitafuta ndani yake mahali pa kuuweka ule uongo wa ubao uliopasuka, akaona utabidi ukae pale anapokaa yeye anapoomba, na hapakuwa na pengine.

"Chonga kwa mkono wa kijana," alisema. Sauti ilimtoka kavu, kama mtu anayeagiza sabuni.

"Shemeji."

"Umeniuliza, nimekujibu."

"Na Lubaki nani atamwambia?"

Nsona alisimama, akakunja gazeti lililokuwa limefunga kijiti, akalitia kwenye mkoba.

 

Siku mbili baadaye alikwenda kwa Luyindula. Alikaribishwa hadi barazani, si ndani, kwa kuwa viatu vyake vilikuwa na matope. Mke wa Luyindula akamletea maji kwenye kikombe cha plastiki, na yeye akayashika bila kuyanywa.

"Ndugu, mumwambie mzee," alisema. "Kabla ya sikukuu. Mumwite kando, mumwambie kama wanaume."

Luyindula hakuwa mtu mbaya. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mama Nsona, tunamheshimu Tata. Tusingemheshimu, tungempa Glodi besi kimya kimya. Tumempa achague mwenyewe. Mchungaji atamwombea mbele ya kanisa zima. Tumeandaa na zawadi."

"Anadhani ni yake."

"Hakuna aliyemwambia ni yake."

"Hakuna aliyemwambia si yake."

Luyindula akatazama geti. Mtoto wa jirani alikuwa akipita anaviringisha tairi. "Mama, unanidai nifanye kitu kigumu. Mimi nimeimba chini ya besi ile tangu nikiwa na suruali fupi. Niende nimwambie nini? Mkono wako umeharibika? Wewe unayelala naye, mbona hujamwambia?"

Nsona alikizungusha kikombe mkononi, maji yakamwagikia matope ya viatu vyake.

"Umejua tangu lini?" aliuliza Luyindula, si kwa ukali.

"Tangu juzi."

"Basi." Akanyoosha mikono. "Mwache afurahi, Mama. Hizi siku chache ni zake."

Aliondoka na kikombe mkononi, ikabidi mke wa Luyindula amkimbilie mpaka nje kukidai.

 

Nyumbani alijaribu kumwambia mumewe. Siku ya kwanza alimkuta Lubaki, sasa hana kijiti, ameshika mwiko wa fufu kwa mkono wa kushoto na kusimama mbele ya kipande cha kioo cha dirishani.

"Nitasimama hivi," alisema. "Au nikae? Mzee akikaa watu wanamwonea huruma."

"Tata, kuhusu hiyo besi."

"Unajua nitaanza na wimbo gani?"

Alikuwa anamngojea amuulize. Macho yake yalikuwa ya kijana aliyekuja kumposa yeye mjini Matadi na gitaa la kuazima.

"Gani?" aliuliza Nsona.

Akamwimbia. Wimbo wote. Nsona akasikiliza hadi mwisho, kisha akachukua kikapu, akatoka kwenda kununua mkaa hali gunia bado lilikuwa na nusu.

Siku nyingine alianza tena, wakati wa chai, na Lubaki akadhani anazungumzia nguo. "Ile suti ya kijivu bado inanitosha," alisema. "Mkono wa kushoto wa koti utaukunja kidogo, nipate nafasi." Ikabidi Nsona aitoe, aipige pasi, akunje mkono wa kushoto na kushona mishono midogo. Alishona ameinama, na kila alipochoma sindano alijiambia atakata uzi, kisha atasema. Akakata uzi. Akasema, "Jaribu, nione."

Hata maombi yalimshinda. Alizoea kumwambia Mungu kila kitu kwa sauti ya chini akipika. Sasa alipika tu. Ngalula alimwita juu ya ukuta, "Yaya, unaumwa?" naye akajibu ni malaria inamnyemelea. Ule ulikuwa uongo wake wa kwanza katika jambo lile, na aliutoa kwa jirani, bure.

 

Sikukuu ya Mavuno kanisa lilijaa hadi madirishani. Mbele kulikuwa na mikungu ya ndizi, mihogo, na mbuzi mmoja aliyefungwa kwenye mguu wa madhabahu akila maua. Jukwaani palikuwa na viti vya wapigaji, na Nsona alivihesabu kwa macho kabla hajakaa. Kiti chenye kitambaa cheupe kilikuwa chini, safu ya mbele, peke yake.

Mchungaji akamwita Tata Lubaki. Akapanda taratibu, suti ya kijivu, mkono wa kushoto umekunjwa vizuri. Mayemba akaileta besi imefunikwa shuka, akaifunua, na watu wakapiga vigelegele, maana ilikuwa nzuri kweli: kiwiliwili cheupe kimepakwa nta, na shingo nyeusi inayong'aa kama mgongo wa kambare. Mayemba alimvisha mkanda bila kumtazama usoni.

Nsona aliinuka kidogo apate kuona. Aliona mkono wa kushoto ukipanda. Aliona kiganja kikiizunguka shingo, na dole gumba likitafuta mahali pake, likatelezea juu, likarudi, likatafuta tena. Vidole viwili vya mwisho vilibaki hewani. Lubaki aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali.

"Mzee wetu," alisema Mchungaji kwenye kipaza sauti, "ametuchagulia chombo, na leo kwa mkono wake anamkabidhi kijana wetu Glodi. Haleluya?"

"Amina!"

Kijana akapanda, mrefu, mikono inamsumbua mahali pa kuiweka. Alipiga magoti mbele ya mzee ili aombewe. Wakati wa maombi hakuna aliyetazama isipokuwa Nsona, na alimwona mumewe amefumbua macho, anaitazama ile shingo. Maombi yalipokwisha, Lubaki alivua mkanda mwenyewe. Akamvisha Glodi, akaurefusha matundu mawili, akamsawazishia begani.

"Wenge nzuri," alisema kwenye kipaza sauti. "Fundi amepiga msasa." Kanisa likacheka, likampigia makofi. Akashuka, akakaa kwenye kiti chenye kitambaa cheupe, akapewa saa ya ukutani yenye picha ya Yesu mchungaji mwema.

Glodi akapiga. Sauti ikashuka pale ilipotakiwa kushuka, ikakaa chini ya watu, ikawabeba. Hakuna aliyehitaji kupandisha sauti kufunika kitu. Benchi lilitetemeka chini ya Nsona, mifupa yake ikaitikia, na wimbo ulikuwa mzuri kuliko ulivyokuwa kwa muda mrefu. Alitamani usingekuwa mzuri hivyo. Kutoka alipokaa aliona kisogo tu cha mumewe, na kisogo kilikuwa kikienda na wimbo, taratibu, kama cha mtu mwenye furaha.

 

Nyumbani Lubaki alivua koti, akalitundika. Saa aliiweka mezani chali, ikiendelea kugonga. Nsona alipika makayabu, samaki wa chumvi aliokuwa amewaloweka tangu asubuhi, akapakua, akamwekea maji ya kunawa. Alinawa. Alikula. Kutoka kwa majirani redio ilikuwa ikicheza, na Ngalula alikuwa akimgombeza mtu kwa kucheka.

"Kijiti ulikirudisha wewe," alisema Lubaki.

"Ndiyo."

"Mayemba ni rafiki yangu. Hawezi kukaa na neno."

"Aliniambia."

Lubaki akatoa mwiba wa samaki mdomoni, akauweka ukingoni mwa sahani. "Alikuambia tu?"

Nsona alijua angeweza kuishia hapo. Mwanaume alikuwa amechoka, pengine asingeuliza zaidi. "Aliniuliza achonge kwa mkono upi."

"Na wewe?"

"Nikasema wa kijana."

Alingoja. Alikuwa tayari kwa kelele, hata kwa kofi, ingawa hakuwahi kumpiga maishani. Lubaki aliisogeza sahani kando, akaitikia kwa kichwa.

"Ulijibu sawa," alisema. "Ningeulizwa mimi, siku ambayo nina akili, ningejibu hivyo hivyo. Nimemsikia leo yule mtoto. Ana mkono."

"Tata, nilijaribu kukuambia."

"Sikulaumu kwa shingo, Nsona."

Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole ule ndio uliomtisha. Lubaki akanawa mkono wa kulia, kisha akauosha wa kushoto kwa wa kulia, kidole kimoja kimoja, akaukausha kwa kitambaa.

"Lakini ulijua," alisema. "Siku zote zile ulijua, ukanipigia hata suti pasi. Nilikuwa nikidhani tunafurahi wawili. Kumbe ulikuwa umekaa pembeni unanitazama nikifurahi peke yangu."

Nsona alisema jina lake. Hakusema Tata, alisema jina lake, Lubaki, kama alivyomwita kule Matadi kabla hajawa mume wa mtu.

Lubaki aliinuka kwa kushikilia meza. Akaingiza miguu kwenye kandambili, wa kulia kwanza, kisha ule mwingine ambao ulihitaji kusaidiwa. Nsona alinyanyuka nusu, mkono umenyooka, lakini hakumgusa. Lubaki akapita kando yake, akapita chini ya kamba ya nguo akiinamisha kichwa. Ngalula alimwamkia juu ya ukuta kwa jina la utani, naye hakugeuka. Akafungua geti, akalivuta nyuma yake lisigonge, akaenda.